Nyuma ya kamyo: namna ya kugawana njia na magari makubwa



Katika namba hii sisi wanafunzi wa darasa la tano la sianse tumepewa ukurasa wa somo. Kwanza tulifikiri kuandika juu ya nyota. Kiisha jambo likatupata, na tukaona nyota zinaweza kungoja.

Wote mnajua kile kilima cha kupanda kutoka mtoni mpaka kwenye kona ya soko. Makamyo yenye kutoka Kasumbalesa yanapanda pale polepole sana, sawa mtu mwenye kubeba mfuko wa makala mgongoni. Sisi wenye kinga tulikuwa na desturi yetu: kungoja kamyo, kushika chuma cha nyuma cha remoruki kwa mkono mmoja, na kuacha lituvute mpaka juu. Hatusemi kama ni wengine walifanya. Ni sisi. Tulifanya zaidi ya mwaka mzima, na tulikuwa tunajisifu.

Asubui moja, muhula uliopita, tulikuwa watatu. Wawili tulishika chuma. Wa tatu hakushika, alifwata tu karibu sana, gurudumu lake la mbele kama meta moja nyuma ya remoruki, sababu pale upepo haupigi mtu. Mbele kulikuwa shimo. Shofere akakanyaga freni. Sisi hatukuona shimo, hatukuona kitu; tuliona paka mlango wa nyuma wa remoruki unatukujia. Sisi wawili tuliacha chuma, tukaanguka kando katika majani. Mwenzetu akaupiga ule mlango kwa kinywa na kwa mkono. Kinga yake ikaingia chini. Kamyo likaendelea na safari, shofere hakujua hata kidogo kama mtu ameanguka.

Leo mwenzetu hana meno mawili ya mbele, na mkono wake ulikaa katika plasta juma sita. Mama yake aliuza mahindi ya kula kwa kulipa dawa. Yeye mwenyewe njo ameomba tuandike. Alisema: "Muandike yote, lakini jina langu hapana." Basi, tunaandika.

1. Ni makamyo gani yanapita kwetu?

Njia yetu ni njia ya taifa namba 1. Toka mpaka wa Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 90. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu 120, na toka Likasi mpaka Kolwezi karibu 180 tena. Juu ya gudroni hii makamyo yanaingia na mazuti, chokaa, unga wa mahindi, mashini, na kiberiti cha manjano chenye kutengeneza asidi ya kuyeyusha mawe ya mukuba. Yanatoka na mabamba ya mukuba na mifuko ya kobalti, yanaenda mpaka bandari za Dar es Salaam, Durban na pengine.

Katika nchi jirani, kama Zambia na Tanzania, sheria inaruhusu kamyo lenye ekseli saba kufika uzito wa tona 56, gari na mzigo pamoja. Motokari ndogo ina uzito wa tona moja na nusu hivi. Kwa kupata uzito wa kamyo moja, lazima kukusanya motokari 37. Na mtu juu ya kinga, pamoja na mfuko wake wa vitabu, hafiki hata kilo 100. Juu ya njia moja tunatembea wote: tona 56 na kilo 100.

2. Ulizo la fizike

Katika darasa mwalimu wetu aliandika ubaoni: E = ½ m v². Maana yake, nguvu yenye kuwa katika kitu chenye kutembea inaongezeka na uzito wake, na inaongezeka zaidi tena na mbio zake. Ukiongeza mbio mara mbili, ile nguvu inakuwa mara ine, si mara mbili. Kamyo la tona 56 lenye kutembea kilometa 60 kwa saa linabeba nguvu ya jule karibu milioni 7,8. Motokari ndogo kwa mbio zile zile inabeba jule karibu 208 000. Kwa kusimama, nguvu hiyo yote lazima iende mahali. Inaenda wapi? Katika freni, na inageuka kuwa moto. Shika chuma cha freni za kamyo lenye kushuka mlima, utaamini. (Lakini usishike!)

Hapo mmoja wetu akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kuko kosa. Tulijifunza kama nguvu ya kushika chini inaongezeka na uzito. Ukiandika hesabu, uzito unakuwa pande mbili na unafutika. Basi kamyo na motokari zinapashwa kusimama katika meta sawasawa."

Mwalimu alifurahi sana kwa ulizo hili. Alisema hesabu ni ya kweli, uzito unafutika juu ya karatasi. Lakini barabarani kuko mambo ine yenye karatasi haikuandika.

La kwanza: freni za motokari zinasukumwa na mafuta, zinashika mara moja. Freni za kamyo zinasukumwa na hewa, na hewa inahitaji wakati kwa kupita katika mipira mirefu mpaka magurudumu ya mwisho ya remoruki. Ni kama nusu ya sekonde hivi. Kwa mbio za kilometa 80 kwa saa, nusu ya sekonde ni meta 11 bure.

La pili: pine za kamyo ni za kaucu ngumu, sababu zinapashwa kubeba mzigo na kudumu safari ndefu. Kaucu ngumu haishiki gudroni kama kaucu laini ya motokari.

La tatu: freni zikipata moto sana zinachoka. Shofere anakanyaga, lakini ile ngoma ya chuma haisikii tena. Kwa hiyo mashofere wazee wanasema: mlima, ushuke na vitesi ile ungepandia. Waache motere ishike gari, freni zipumzike.

La ine: mzigo wa kupita kipimo. Freni zilitengenezwa kwa uzito fulani. Tajiri akiongeza tona kumi, hakuongeza freni.

Tusisahau tena, kamyo lenye kuwa tupu si salama zaidi. Magurudumu yake yanarukaruka juu ya mashimo, na gurudumu lenye kuwa hewani halina freni.

3. Meta ngapi kwa kusimama?

Tulifanya hesabu pamoja. Tulisema mtu anahitaji sekonde moja toka kuona hatari mpaka kukanyaga. Juu ya gudroni kavu tulihesabu kama motokari inapunguza mbio meta 7 kwa sekonde katika kila sekonde, na kamyo lenye freni nzuri meta 5. Mbio ni kilometa 80 kwa saa, maana yake meta 22 kwa sekonde.

Motokari: meta 22 za kufikiri, na meta 35 za freni. Jumla 57.

Kamyo: meta 22 za kufikiri, meta 11 za kungoja hewa, na meta 49 za freni. Jumla 82.

Mvua ikinyesha, ongeza nyingi. Na kama freni ni za zamani, hatujui tena.

Kwa hiyo ukiwa katika taksi, na shofere wako anaingia haraka mbele ya kamyo halafu anakanyaga freni kwa kuchukua mtu, ujue: motokari yenu itasimama, na kamyo halitasimama. Ile nafasi wazi yenye shofere wa kamyo ameacha mbele yake si nafasi ya bure. Ni freni yake. Mwenye kuingia ndani yake anamwibia freni.

Sasa tuhesabu habari ya mwenzetu. Kamyo lilipanda kwa kilometa 18 kwa saa, ni meta 5 kwa sekonde. Watu wanasema: "Lakini hizo ni mbio kidogo!" Ndiyo, ni kidogo. Lakini nafasi ilikuwa meta moja. Kamyo lenye kushika freni vile tulivyosema linakula ile meta moja katika sekonde 0,6. Yeye alihitaji sekonde moja kwa kushika freni ya kinga. Basi alikuwa amekwisha kupiga mlango mbele mkono wake haujasikia neno la kichwa. Hata mtu hodari, hata mwenye kinga mpya, angepiga. Tulipomaliza hesabu hiyo ubaoni, hakuna mtu alisema kitu. Sisi wawili tulikuwa tunamcheka mwanzoni kwa kusema alilala. Hakulala. Tulimwomba musamaha mbele ya darasa.

4. Macho ya shofere

Tulimwomba mzazi mmoja, shofere wa kamyo kwa miaka mingi, aje kutufundisha. Alikuja siku ya posho na kamyo tupu, akalisimamisha katika kiwanja cha mpira. Akapanda mmoja mmoja wetu katika kabina, wengine wakasimama pande zote. Kila mmoja aliulizwa: "Unaona wenzako wangapi?"

Kwa kweli, tulishangaa. Wenye kusimama karibu sana mbele ya pua ya kamyo hawakuonekana. Wenye kusimama kando ya mlango, chini, hawakuonekana. Na nyuma ya remoruki tuliweka wanafunzi kumi na wawili, na kutoka kabina hatukuona hata mmoja.

Baba shofere akatuambia: "Bana bangu, mutu mwenye iko nyuma ya remoruki mie simuone. Simuone hata kidogo. Mu kichwa yangu naweka asema hakuna mutu. Kama unapenda nikuone, angalia kioo yangu. Kama weye hauone kioo yangu, mie siwezi kuona sura yako."

Hii njo kanuni ya kwanza, na inafaa kwa wote, shofere wa motokari, wa moto, na mwenye kinga: kama huoni vioo vya kando vya kamyo, shofere hakuoni. Rudi nyuma mpaka uvione.

Kuko jambo lingine kwetu. Kongo tunatembea kuume kwa njia. Zambia na Tanzania wanatembea kushoto. Makamyo mengi yenye kupita hapa yalitengenezwa kwa nchi zile, na volani yao iko upande wa kuume. Wakiisha kuvuka Kasumbalesa wanabadili upande wa njia, lakini volani haibadiliki. Basi shofere anakaa kando ya majani, si kando ya katikati ya njia. Hii inaleta hatari mbili. Akitaka kupita gari lingine, haoni mbele, lazima atoe pua ya kamyo yote kushoto kabla ya kuona nani anakuja. Tena, gari lenye kumpita linapita upande wenye kuwa mbali na macho yake. Kwa hiyo ukiona kamyo la volani ya kuume mbele yenu, ongeza nafasi, na usikae kando yake upande wa kushoto. Upite ukamalize, ao ubaki nyuma.

Na kwenye kona: kamyo likikata kona, magurudumu ya mwisho hayafwati njia ya magurudumu ya mbele. Yanapita ndani zaidi. Wenye kinga na wenye miguu, musisimame upande wa ndani wa kona kwa kufikiri "pua imekwisha kupita, mimi niko salama." Mkia bado.

5. Kuhesabu nafasi

Mtu atasema: "Nitapimaje meta nikiwa njiani?" Hakuna haja ya kupima meta. Tunapima wakati. Chagua mti ao nguzo kando ya njia. Mkia wa kamyo ukipita pale, anza kusema polepole: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Kila moja ni kama sekonde. Ukifika kwenye mti mbele ya kumaliza kusema, uko karibu sana.

Gudroni kavu, motokari nyuma ya motokari: sekonde mbili, si chini.
Nyuma ya kamyo: tatu ao ine, kwa kuona vioo na kuona mbele.
Mvua ao usiku: ine ao zaidi.
Vumbi lenye kuficha taa za nyuma: usihesabu, punguza mbio mpaka uone.

Kwenye mlima, kamyo lenye kusimama usilifwate mpaka kugusa. Likianza kuondoka linaweza kurudi nyuma kidogo, na hilo kidogo ni la tona 56.

Mashofere wa taksi wanatujibu: "Nikiacha nafasi, mwingine ataingia." Ni kweli, ataingia. Basi rudi nyuma tena kidogo. Unapoteza sekonde mbili hivi kwa kila gari. Wakiingia kumi toka Lubumbashi mpaka Likasi, umechelewa sekonde 20 hivi juu ya safari ya saa mbili. Nani atakuuliza sekonde 20?

6. Kupita kamyo

Tuhesabu tena. Kamyo la urefu wa meta 22 linatembea kilometa 60 kwa saa. Motokari inataka kulipita kwa 80. Inaanza meta 30 nyuma, na inarudi mahali pake meta 30 mbele. Pamoja na urefu wa kamyo na wa motokari yenyewe, inapashwa kushinda meta 87. Tofauti ya mbio ni kilometa 20 kwa saa, maana yake meta 5,6 kwa sekonde. Hii inaomba karibu sekonde 16. Katika wakati huo motokari imekwenda karibu meta 350. Na gari lenye kutoka mbele kwa 80, nalo limekuja meta 350. Basi lazima uone njia wazi ya meta 700. Ni urefu wa viwanja vya mpira saba vyenye kufuatana. Juu ya kilima, ao kwenye kona, nani anaona hivyo?

Tena, mwenye kuwa karibu sana na mkia wa kamyo haoni mbele kabisa. Mwenye kubaki nyuma kidogo anaona vizuri zaidi. Watu wengi wanafikiri kinyume.

Na taa yenye shofere wa kamyo anawasha, watu wanasema anakuambia "pita". Pengine ni kweli, pengine anataka kukata kona. Usitoe maisha yako kwa taa ya mtu mwenye hakujui.

7. Kamyo likianguka

Hapa hatufanyi mchezo. Tarehe 2 ya mwezi wa saba, 2010, kule Sange, katika Kivu ya Kusini, kamyo la esanse lilianguka. Watu walikimbilia kuchota. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 walikufa, na watoto kati yao. Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke, juu ya njia yetu hii, kamyo la asidi lilipata ajali, na watu karibu 20 wakafa. Asidi haina moto wa kuona, lakini inaunguza nyama.

Kamyo la tangi likianguka: usikaribie, usichote, usiwashe kitu, simama upande upepo unatokea, uite wakubwa. Bidoni moja ya mazuti inaweza kununuliwa. Mtu hanunuliwi.

8. Tumeamua nini?

Sisi wenye kinga wa darasa la tano tumeamua kutoshika tena kamyo. Tunajua ni vigumu kwa wenye kutoka mbali. Kilima kiko palepale, na tumbo la asubui liko tupu. Kwa hiyo tunaondoka robo saa mbele, tunafika mtoni pamoja, na kile kilima tunapanda kwa miguu tukisukuma kinga, wenye nguvu wakisaidia wadogo. Juu tunapumzika kidogo. Toka tumeanza hakuna mtu amechelewa sala ya asubui.

Tuliomba wakubwa wa masomo jambo moja pia: wenye kinga wapewe kitambaa cheupe ao kioo chekundu cha kufunga nyuma, sababu katika mwezi wa sita jua linachelewa na vumbi ni nyingi. Mkuu wetu amekubali kutafuta. Tunangoja.

Maulizo kwa madarasa madogo

1. Kamyo linatembea kilometa 36 kwa saa. Ni meta ngapi kwa sekonde?
2. Mbio zikitoka 40 kufika 80, nguvu ya E inaongezeka mara ngapi?
3. Kwa nini shofere wa volani ya kuume anapata taabu kupita gari lingine hapa Kongo?
4. Unafwata kamyo na huoni vioo vyake. Utafanya nini?

Leteni majibu kwa mwalimu wa fizike mbele ya siku ya ine. Mwenzetu wa mkono wa plasta njo atasahihisha, sababu yeye amejifunza somo hili kwa bei kubwa kupita sisi wote. Ninyi mulipate bure.

Ni sisi wenzenu,
Darasa la tano la sianse